Kujiamini kwa Kiongozi ni Mali ya Nani?

Katika mijadala yetu juu ya uongozi, kujiamini husifiwa upesi mno. Mwanafunzi akiulizwa kiongozi bora wa kazi awe na sifa gani, jibu hili huwa la kwanza au la pili: awe mtu anayejiamini. Sababu zinazotolewa si mbaya. Kiongozi anayejiamini huamua bila kuzungukazunguka, huwapa wenzake madaraka bila kuogopa kwamba watamzidi, huipokea lawama inapokuja, na watu wakimtazama hupata moyo. Sina ugomvi na sababu hizo. Ninachotaka kuuliza ni jambo ambalo sifa hizo hulipita tu: je, kiongozi asiye na uhakika anaruhusiwa kujionesha mbele ya wenzake kana kwamba anao? Akifanya hivyo, anawasaidia au anawadanganya? Na kama ni kujiamini kwake ndiko kunakowapa watu nguvu ya kufanya kazi, je, huko kujiamini ni mali yake au ni mali yao?

Lugha yenyewe inatupa pa kuanzia. Kitenzi kuamini kina ndugu zake: imani, mwaminifu, uaminifu, na amana. Yote hayo yana shina moja la Kiarabu. Amana ni kitu ulichowekewa na mwenzio ukitunze. Kiko mkononi mwako, lakini si chako. Kinyarwanda nacho husema kwigirira icyizere, na icyizere hicho ndicho tunachompa mtu mwingine tunapomtegemea. Katika lugha zote mbili, anayejiamini anajitendea kama ambavyo angemtendea mtu mwingine anayemwamini. Sasa tujiulize, mtu mwingine tunamwaminije? Tunamwamini kwa kuwa tumemwona akitenda, tumejua anachokiweza na asichokiweza. Hatumwamini mpita njia kwa sababu tu sauti yake ni nene. Basi na kujiamini kunahitaji ushahidi vilevile. Anayejiamini bila kujichunguza ni sawa na mtu anayemkopesha asiyemjua, tena, akiwa kiongozi, anamkopesha kwa fedha za watu.

Nilipata nafasi ya kulitazama jambo hili kwa karibu huku Gisozi, katika Gakiriro. Kwa wasomaji walio nje ya Kigali, Gakiriro ni eneo la karakana na maduka ya samani, mbao, vyuma na vifaa vya ujenzi. Mafundi wengi walihamia hapa kutoka Gakinjiro ya zamani, karibu na katikati ya jiji. Ukishuka kwenye pikipiki asubuhi unapokewa na mlio wa misumeno kabla hujaona hata kitanda kimoja. Moto umewahi kuzuka humo mara kadhaa na kuteketeza mbao, mashine na mitaji ya watu, na kila mara wenyewe wamerudi na kuanza tena. Kwa hiyo ukitaka kujifunza kujiamini ni nini, sijui kama kuna darasa zuri zaidi ya hilo. Kiswahili nacho kinasikika sana, hasa kwa madereva wanaoleta mbao, ingawa mengi ninayoyasimulia hapa yalisemwa kwa Kinyarwanda.

Kwa miezi mitatu nilitunza hesabu katika karakana moja, na katika muda huo nilifanya kazi chini ya wasimamizi wawili. Wa kwanza alikuwa fundi hodari, hilo halina ubishi. Alikuwa na miaka mingi katika kazi na aliitaja miaka hiyo kila siku. Tulipopata kazi ya kutengeneza vitanda 40 vya ghorofa kwa ajili ya mabweni, aliwaambia vijana kwamba vitakwisha kwa siku 12, akataja siku hizo kwa mteja pia, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kukosea. Vijana walichangamka. Kweli, wiki ile ya kwanza kazi ilikwenda kwa kasi ambayo sijaiona tena. Lakini mbao zilikuwa mbichi. Mwanagenzi mmoja, kijana wa miaka 19 hivi, alilijua hilo siku ya pili. Alinionesha jinsi maranda yalivyokuwa yakinata kwenye randa badala ya kuruka. Nikamuuliza kama amemwambia shefu. Akacheka kidogo, akasema, “Shefu ameshasema ziko sawa.” Hakuongeza neno, akarudi kwenye meza yake.

Vitanda vilikwisha kwa siku 12. Baada ya majuma machache mbao zikakauka, zikajikunja, viungo vikaachia, na vitanda 17 vikarudishwa. Msimamizi alisema gundi ilikuwa mbovu. Mafundi walivifungua vitanda hivyo na kuvirekebisha bila kulipwa, kwa sababu pale watu hulipwa kwa kipande, na kitanda kile kilikuwa kimeshalipiwa mara moja. Mimi nilikuwa na daftari mkononi, kwa hiyo naweza kusema kwa hakika ni nani aliyelipia kujiamini kwa msimamizi wetu. Si yeye.

Mtu anaweza kunijibu kwamba mfano huu unahusu majivuno, na majivuno si kujiamini. Jibu hilo ni la kweli, ila linatoka baada ya vitanda kurudi. Siku ile ya kwanza, mbele ya vijana, majivuno na kujiamini vilikuwa na sura moja na sauti moja. Aristotle aliliona jambo hili zamani: katika maelezo yake ya ushujaa anasema kwamba mwenye papara humwigiza shujaa, hutamani hatari kabla haijafika, kisha hatari ikifika hurudi nyuma. Maana yake ni kwamba tofauti haionekani kwa kumtazama mtu anavyotangaza. Inaonekana baadaye, pale jambo linapokwenda kombo. Nami ningeongeza kwamba mahali pa kazi ipo njia ya kuiona mapema zaidi: tazama habari mbaya inachukua muda gani kumfikia kiongozi. Katika karakana ile habari ya mbao mbichi ilikuwa hatua sita kutoka kwa msimamizi, na haikufika kamwe.

Wa pili alikuwa mama mmoja aliyekuwa akisimamia upakaji wa varnishi, akapandishwa baada ya yule wa kwanza kuondoka. Vijana walimwita Mama tu. Hakuwa na sauti kubwa na sikumsikia hata siku moja akitaja miaka yake ya kazi. Siku mbili kabla ya kukabidhi meza za ofisi fulani, mota ya mashine ya kupiga randa iliungua. Aliwakusanya watu uani. Alisema maneno machache nami nayakumbuka karibu yote: meza 14 bado, mashine haitapona leo, sijui kama fundi wa mota ataiweza kesho, randa za mkono tunazo tano, mwenye wazo aseme. Mwanagenzi yuleyule aliyenyamaza wakati wa vitanda akasema kwamba karakana ya jirani haifanyi kazi usiku, labda watatukodisha mashine yao. Mama akaenda palepale kuwaona. Usiku ule watu walifanya kazi hadi karibu na alfajiri, na kesho yake asubuhi alimpigia mteja simu kumwambia kwamba meza mbili zitachelewa siku moja. Zikachelewa siku moja.

Jambo lililonifanya niandike insha hii lilitokea siku chache baadaye, tulipokuwa tukifunga hesabu za mwezi. Nilimwambia kwamba ile siku ya mota nilishangaa kumwona ametulia vile. Akaniambia, “Mwanangu, nilikuwa natetemeka. Mikono niliificha kwenye kitenge.” Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia watu, maana mambo mengine yote aliwaambia. Akasema, “Hofu yangu ningewapa, wangeifanyia nini?”

Nimelifikiria swali lake kwa muda mrefu. Nadhani ndani yake mna jibu bora kuliko mengi niliyosoma. Yule mama alificha kitu kimoja na akatoa kingine. Alificha hofu, akatoa habari. Hofu yake ilikuwa yake. Hakuna fundi ambaye angepiga randa vizuri zaidi kwa kuijua. Lakini idadi ya meza, hali ya mashine, na hata kutojua kwake kama mota ingepona, hayo hayakuwa yake. Yalikuwa mali ya kila mtu pale uani, kwa sababu kila mmoja alihitaji kuyajua ili aamue alale au akeshe, aseme wazo lake au anyamaze. Msimamizi wa kwanza alifanya kinyume. Sijui kama alikuwa na hofu, lakini habari aliificha, au tuseme alikaa kwa namna ambayo habari ilijificha yenyewe.

Kwa hiyo swali langu la kwanza naweza kulijibu hivi: kiongozi anayo haki ya kutuliza uso wake, hana haki ya kutuliza ukweli. Utulivu wa uso si uongo, maana haudai lolote kuhusu mbao wala mashine, unadai tu kwamba “bado niko hapa, naweza kusikiliza, naweza kuamua.” Dai hilo kwa upande wa Mama lilikuwa kweli, mikono itetemeke isitetemeke.

Kutoka Gakiriro hadi Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari hapa Gisozi si mbali. Mahali pale palifunguliwa Aprili 2004, na wamelazwa pale zaidi ya watu 250,000. Sitaki kulinganisha meza na maisha ya watu. Lakini anayeishi Gisozi hawezi kuandika juu ya uongozi bila kilima kile kumwangalia, na katika historia ya 1994 kuna kisa ambacho nadhani wanafunzi wa uongozi hawakisomi vya kutosha.

Wengi tunamjua Roméo Dallaire, jenerali wa Kanada aliyeongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa, MINUAR. Tarehe 11 Januari 1994 alituma ujumbe New York kueleza habari alizopata za maficho ya silaha na mpango wa kuua watu, naye alitaka kuzikamata silaha hizo. Akakataliwa. Mauaji yakaanza Aprili, askari 10 wa Ubelgiji wakauawa, Ubelgiji ikawaondoa watu wake, na tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua kikosi kipunguzwe hadi watu 270. Ndipo anapoingia mtu ambaye jina lake halitajwi sana: Henry Anyidoho wa Ghana, naibu wa Dallaire. Lilipoletwa suala la kuondoka kabisa, Anyidoho alikataa. Alisema askari wa Ghana watabaki, na alisema hivyo kabla hajapata kibali cha serikali yake, ambayo baadaye ilikubali. Walibaki takriban 450, wengi wao Waghana. Hawakuyazuia mauaji, hilo lisemwe wazi. Lakini watu maelfu waliokuwa wamekimbilia sehemu kama Uwanja wa Amahoro waliokoka chini ya ulinzi wao.

Ninachokiona hapa ni kwamba kujiamini hakukutoka juu kwenda chini kama vitabu vya uongozi vinavyopenda kusema. Kamanda aliyekuwa amenyimwa askari, silaha na ruhusa alitiwa nguvu na naibu wake. Na kwa nini naibu aliweza kusema? Nadhani ni kwa sababu alikuwa na mkubwa ambaye hali halisi hakumficha, na aliyekuwa tayari kusikia jibu. Kama Dallaire angejifanya kwamba kila kitu kiko sawa, Anyidoho angekuwa na nafasi gani ya kumwambia tubaki? Kwa hiyo hata swali langu la pili linaanza kupata jibu. Kujiamini ndani ya kundi ni kama amana inayopita mikononi. Leo imewekwa kwa huyu, kesho anaishika yule, na kiongozi ni yule anayeitunza muda mrefu zaidi kuliko wengine, si yule anayeimiliki.

Nirudi mahali pa kazi pa kawaida. Yupo mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, ambaye mwaka 1996 alichapisha uchunguzi wake juu ya makosa ya kutoa dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia kuona kwamba makundi yanayofanya kazi vizuri yana makosa machache. Takwimu zikamwonesha kinyume: makundi yaliyoongozwa vizuri yalikuwa na makosa mengi zaidi yaliyoandikwa. Maelezo aliyoyapata ni kwamba huenda hawakukosea zaidi, ila walithubutu kusema. Kwa wengine, makosa yalikuwepo na yakabaki midomoni.

Kwetu Rwanda uchunguzi huo unagusa pahali panapouma. Tangu 2006 mameya wa wilaya wameweka sahihi imihigo mbele ya Rais, yaani ahadi za mambo watakayotekeleza katika mwaka. Asili ya neno hilo ni desturi ya zamani ya mtu kusimama mbele ya watu na kutamka atakalotenda. Naipenda desturi hiyo. Inamtoa kiongozi mafichoni, inamfanya ajifunge kwa neno lake. Lakini Kinyarwanda cha siku hizi kimezaa neno jingine pembeni yake, gutekinika, maana yake kupika ripoti ili ahadi ionekane imetimia. Lugha haizai neno kwa kitu kisichokuwepo. Ahadi iliyotamkwa kwa kujiamini, ikikosa mahali pa kusema “hili tumeshindwa, na sababu ni hii,” humsukuma mtu wa chini kutengeneza takwimu. Na wa chini yake zaidi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila walisahau kuongeza kwamba mara nyingi anayeugua ni mmoja na anayeficha ni mwingine.

Tukitafuta kiongozi aliyethubutu kusema wazi kwamba alikosea, wengi watamtaja Mwalimu Nyerere, nami simkatai. Serikali yake iliondoa serikali za mitaa mwaka 1972 na vyama vya ushirika mwaka 1976. Baadaye, akiwa bado Rais, alikiri kwamba yote mawili yalikuwa makosa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hatua zikachukuliwa kuvirudisha. Ni watawala wachache walioweza hivyo. Hata hivyo sikubaliani na wenzangu wanaoishia kwenye sifa. Kukiri kulikuja miaka kadhaa baada ya mkulima kukosa chama chake. Lazima tuulize pia kama mwaka 1976 alikuwepo mtu wa kumwambia, na kama angesikilizwa. Kukiri baadaye ni uungwana. Kusikia mapema ndiko kunakookoa mazao.

Limebaki pingamizi moja, na sitaki kulipita kwa sababu mwalimu wetu mmoja alilisema darasani na likatunyamazisha. Alisema: yapo mambo yasiyoanza kabisa bila mtu mmoja kuwa na uhakika kuliko ushahidi alionao. Aliyerudi Gakiriro baada ya moto na kununua msumeno kwa mkopo hakuwa na ushahidi kwamba atafanikiwa. Kama angengoja ushahidi, vijana wake wangekuwa wanatafuta kibarua hadi leo. Je, huyo naye tumlaumu?

Simlaumu. Lakini natazama anaweka nini mezani. Mtu anayeweka mkopo kwa jina lake, akawaambia vijana wake kwamba mshahara wa mwezi wa kwanza huenda ukachelewa, anayehitaji fedha sasa atafute kwingine bila kinyongo, huyo uhakika wake unazidi ushahidi, na hakuna aliyedanganywa. Mwingine anaweza kusema maneno yaleyale ya matumaini, kwa sauti ileile, huku anajua kwamba mambo yakiharibika watakaofungua vitanda usiku bila malipo ni wengine. Ushahidi walionao wote wawili unaweza kuwa sawasawa. Kwa hiyo swali la nani alipie lina uzito kuliko swali la nani ana uhakika, na nashangaa kwamba katika orodha zote za sifa za kiongozi nilizowahi kuzinakili sijaliona.

Yule mwanagenzi bado yuko karakana ile. Nilipopita mwezi uliopita alikuwa amepewa wanagenzi wawili wa kuwafundisha, na mmoja wao alikuwa akimbishia kuhusu ubao fulani kama umekauka. Alikuwa ameuegemeza ubao begani, ameweka kiganja juu yake, akimsikiliza.